Pishi ya Jioni na Tawi la Asubuhi



Msimu unakaribia, na kama ilivyo desturi ya gazeti letu, somo linalotangulia msimu huwa ni la kazi yenyewe. Safari hii twataka kusema juu ya uongozi. Asije mtu akafunua ukurasa wa pili kwa kudhani kuwa hilo ni jambo la wakubwa wa Serikali au la wajumbe wa kamati. Mwenye mikarafuu kumi, akaita watu wanne wamchumie, huyo ni kiongozi kwa siku zote watakazokuwa mitini mwake, na uongozi wake utaonekana, apende asipende.

Walio wengi wakitaka kujua shamba fulani linaendeshwaje, huenda huko asubuhi, wakasimama chini ya miti na kumsikiliza msimamizi anavyopaza sauti. Sisi twaona wamekwenda saa siyo. Sauti ya asubuhi haina maana kubwa. Nenda jioni, wakati wa kupima.

Kila mmoja wetu aijua saa hiyo ilivyo. Wachumaji wamerudi na mapolo na mapakacha yao, wamekaa majamvini pamoja na kina mama na watoto, wanachambua. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kikasukumwa juu ya kiganja cha pili, karafuu zikaanguka huku, makonyo yakatupwa kule. Harufu imejaa ua mzima na vidole vyote vimekuwa vyeusi. Kisha watu hujipanga, mwenye shamba au mwanawe ameshika pishi, mwingine ameshika daftari. Mchumaji ametoka alfajiri, amepanda mti mrefu kuliko nyumba, na kazi yake yote ya siku hiyo sasa itapita katika chombo kidogo kilichomo mikononi mwa mtu mwingine. Hapana saa nyingine katika siku ambapo mtu mmoja humtazama mwenziwe mikono kwa makini namna hiyo.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili juu ya kipimo. Kulikuwa na kipimo cha mfuto, kilichopitishwa mkono juu kikawa sawasawa na mdomo wa chombo, na kulikuwa na kipimo cha tele, kilichorundikwa mpaka kikafanya kichuguu. Vyote viwili ni halali, maadamu watu wamepatana tangu mwanzo kipi kitumike. Haramu huingia pale mtu anapopatana kwa mfuto na kupokea kwa tele, au anapoigonga pishi chini kila akijaza, karafuu zikashuka na kukaa, nafasi ikapatikana ya kuongeza kiganja kimoja. Wachumaji wetu karibu wote walikaa chuoni utotoni, nao waijua Sura ya Mutaffifin inawasema watu gani. Hawahitaji kukumbushwa na mtu wakiiona pishi inagongwa.

Tufanye hesabu, iwe kwa mfano tu. Tuseme viganja kumi vya namna hiyo hufanya pishi moja. Mtu aliyechuma pishi kumi na moja za haki, pishi ikagongwa kila mara, ataandikiwa kumi. Mwenye shamba amepata pishi moja ya bure kwa mtu mmoja kwa siku moja. Akiwa na watu kumi, amepata pishi kumi. Usiku akilala hujiona mwerevu.

Katika shamba moja la kaskazini ya Pemba tulikuwapo jioni moja, na aliyeshika pishi alikuwa kijana wa mwenye shamba. Alikuwa hodari wa kuigonga sakafuni. Ikafika zamu ya bibi mmoja mtu mzima. Akatazama pishi ikigongwa mara ya kwanza, na ya pili, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, pishi yako leo ina njaa?" Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akasema, "Bibi, karafuu zako ndizo nyepesi." Yule bibi akajibu, "Haya, mwanangu," akachukua kikapu chake akaenda zake. Kesho yake hakuonekana. Alikwenda shamba la jirani, na wajukuu zake wanne, wapandaji hodari, wakamfuata huko. Ndugu wanachama mnajua maana yake katikati ya msimu mkubwa. Karafuu haingoji mtu. Ikishageuka kutoka kijani kuingia wekundu, siku zake ni chache, kisha hufunguka ikawa ua, na karafuu iliyofunguka imekwisha toka katika daraja ya kwanza.

Walakini yule bibi alikuwa mtu wa kheri, kwa kuwa alisema na akaondoka. Taabu kubwa yatokana na yule asiyesema na asiyeondoka.

Mtu huyo ametoka kijiji cha mbali, analala kambini, wala hana jamaa hapa. Hawezi kugombana na mwenye kumlipa. Basi hunyamaza, na jibu lake hulitoa asubuhi, juu ya mti, mahali ambapo mwenye shamba hamwoni kwa majani. Yatupasa tuutazame mti wenyewe ili tufahamu jibu hilo ni la namna gani.

Mkarafuu huzaa kwenye ncha za vitawi. Mti wake hauna unyumbufu kama mpera. Hukatika kwa urahisi. Mchumaji mwenye subira hulivuta tawi polepole kwa upembo, akalifunga kwa kamba, akachuma kishada kimoja kimoja, kisha akaliachia lirudi mahali pake. Kazi hiyo ni ya polepole. Mchumaji mwenye uchungu wa pishi ya jana ana njia nyingine: hulivunja tawi zima, akalitupa chini, vishada vikachumwa huko na watoto kivulini. Kwa njia hiyo hujaza pakacha haraka, na ile pishi moja aliyonyang'anywa jana huirudisha leo. Hapo haibi kitu, kwa fikira zake, anasawazisha. Tena huchanganya karafuu changa ambazo bado kukomaa, kwa sababu nazo hujaza pishi, ijapokuwa zikianikwa husinyaa zikawa si kitu. Na vishada vya kileleni, ambako hatari ni kubwa, huviacha vifunguke huko huko. Kwa nini ahatarishe shingo yake kwa mtu wa pishi yenye njaa?

Sasa hesabu ya upande wa pili. Tawi lililovunjika limekwenda na ncha zake, nazo ndizo zingalizaa msimu ujao na ule wa baadaye. Hilo ni dogo. Kubwa ni jeraha. Wataalamu Nutman na Roberts, walioshughulika na maradhi ya mikarafuu ya visiwa hivi katika miaka ya 1950, walieleza ukungu unaoitwa kwa jina la kitaalamu Cryptosporella eugeniae. Ukungu huo huingia katika mti kwa njia ya majeraha, hasa ya matawi yaliyovunjwa wakati wa kuchuma. Ukisha kuingia huteremka. Kitawi hukauka, kisha tawi, kisha tawi kubwa, na usipozuiliwa kwa kukata chini ya palipokufa, huweza kufika kwenye shina. Mwenye shamba huona kilele kimekauka, akasema, "Jua limekuwa kali mwaka huu," au akasema kuna jicho la mtu. Hakumbuki pishi.

Mche wa mkarafuu ukipandwa leo, wangoja miaka sita, saba, na pengine minane kabla ya kuona mavuno ya maana. Mti ukitunzwa huweza kuishi zaidi ya maisha ya mtu aliyeupanda. Basi yule bwana aliyelala akijiona mwerevu ameuza miaka ya mjukuu wake kwa viganja vya karafuu mbichi, ambazo hata zikikauka uzito wake ni kama thuluthi tu ya ule wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kusimamia kwa ukali. Weka mtu chini ya kila mti, toza faini kwa kila tawi. Twawajibu kwamba ukali ulikwisha kujaribiwa hapa visiwani, tena ukali ambao hapana anayeutamani urudi. Kabla ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kwa sheria Unguja na Pemba, kazi ya karafuu ilifanywa na watu wasiokuwa na hiari, na juu yao walikuwako msimamizi, nokoa na kadamu, kila mmoja na daraja yake. Tangu siku ile mchumaji ana miguu. Aweza kwenda shamba la pili. Wenye mashamba wa zama zile iliwabidi wajifunze jambo ambalo baba zao hawakulijua, nalo ni kumfanya mtu atake kurudi kesho. Wengine hawajajifunza mpaka leo, na faini wanazotoza huzidisha uchungu ule ule uliovunja tawi la kwanza.

Na pishi hii si ya shambani tu. Hukua ikawa kubwa, lakini tabia yake haibadiliki. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa Zanzibar mwaka 1927, na mwaka 1937 sheria ikakipa peke yake haki ya kununua karafuu za kusafirishwa. Makusudio yaliyotajwa yalikuwa ni kumlinda mkulima. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi waliona kwamba kipimo kimetengenezwa katika chumba ambacho wao hawamo, wakagoma, na huko India, palipokuwa na wanunuzi wetu wakubwa, karafuu za Zanzibar zikasusiwa mpaka mapatano yalipopatikana mwaka 1938. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki, maana kila upande ulikuwa na maneno yake. Twasema tu kwamba waliokuja kupatana mwaka 1938 wangaliweza kuketi pamoja mwaka uliotangulia.

Tena wengi wetu tunayakumbuka mambo ya miaka ya 1970 na 1980, wakati bei aliyopewa mkulima ilipokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Adhabu za magendo zilikuwa kali mno. Doria ziliwekwa ufukweni. Hata hivyo karafuu zilivuka usiku kwenda Kenya, mwaka baada ya mwaka, na waliozivusha hawakuwa wote wahalifu wa kuzaliwa. Wengine walikuwa baba wa watu wenye ada za shule za kulipa. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, magunia yalionekana tena vituoni. Bahari ilikuwa ile ile na mashua zile zile. Kilichobadilika ni pishi.

Turudi nyumbani, maana ni rahisi kusema juu ya Serikali na kujisahau. Katika chama, pishi ya kiongozi ni ipi? Ni mizani ya ghalani, naam, lakini pia ni foleni ya mizani. Gunia la nani hupimwa kwanza wakati wingu limetanda? Karafuu za nani huambiwa "bado mbichi, rudi ukaanike," na za nani hupita bila ya kushikwa? Karafuu iliyokauka barabara hujulikana: ukiipinda huvunjika kwa sauti, na ukiikamata kwa nguvu kiganjani huchoma. Hukumu hiyo yaweza kufanywa mbele ya watu, kwa karafuu za shemeji wa katibu kama kwa karafuu za mjane. Mwanachama akiona mara mbili tu kwamba haifanywi hivyo, hatasimama mkutanoni kulalamika. Atalipa ada yake, atakunywa chai ya mkutano, atapiga makofi, na karafuu zake utazisikia zimeuzwa kwingine. Hilo ndilo tawi lililovunjwa katika chama, na mwenyekiti hutangaza kwamba wanachama wa siku hizi hawana uzalendo.

Kwa hiyo tuwape nafasi wanaosema. Wachumaji wote wawajua maji ya moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkarafuu pamoja kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wao, wakafanya nyumba kama mpira. Mchumaji akigusa tawi, humvamia shingoni na kwapani, akashuka huku anacheza ngoma isiyo na mpigaji. Wengi wetu huwachoma moto. Lakini mtaalamu M. J. Way, aliyewachunguza hapa visiwani katika miaka ya mwanzo ya 1950, alionyesha kuwa chungu hawa huilinda minazi dhidi ya mdudu mmoja mnyonyaji, ambaye hutoboa vidaka vikapukutika kabla ya kuwa nazi. Mdudu huyo hata jina lake la kitaalamu limetokana na jina la Way. Penye maji ya moto wengi, nazi husalimika. Kweli pia hufuga wadudu gamba juu ya mkarafuu, basi si malaika. Walakini aliyewachoma wote kwa sababu wanauma, asishangae minazi yake kando ya mikarafuu ikizaa vidaka vya kuanguka.

Katika kila kambi yumo mtu wa namna hiyo. Ndiye anayesema "pishi imegongwa," ndiye anayehesabu kwa sauti, ndiye anayeuliza kwa nini makonyo, ambayo nayo huuzwa, hayatajwi katika daftari. Aliyeshika pishi humwona mchokozi na humaliza kazi naye mapema. Sisi tungemweka karibu. Maadamu yeye anasema, wewe wajua watu wanafikiri nini. Akiondoka, kambi itakuwa na adabu nzuri sana, na utayasoma mawazo ya watu juu ya vilele vya miti vilivyokauka baada ya miaka miwili.

Kuna saa nyingine inayofichua uongozi, nayo ni ya mvua. Karafuu ziko sakafuni, siku ya tatu, zimeanza kuwa na rangi ya hudhurungi, mara upepo wabadilika. Kama pishi ya jioni ni ya haki, utaona watu wanaruka toka vibandani bila ya kuitwa, huyu kashika jamvi, yule kashika polo, hata yule aliyelipwa jana na hana karafuu yake hata moja pale. Kama si ya haki, utamwona mwenye shamba na mkewe wanakimbia wawili peke yao, na watu wamesimama mlangoni wanatazama wingu. Hatuongezi neno hapo.

Sasa yale ya kutenda. Pishi ya kambi iwe moja, ioneshwe siku ya kwanza mbele ya wote, iwekwe alama, na isibadilishwe mpaka msimu uishe. Mfuto au tele, lisemwe kabla mtu hajapanda mti. Ni vizuri mkono unaojaza uwe wa mchumaji waliyemchagua wenyewe, na mkono unaopitisha juu uwe wa mwenye shamba. Hapo hapana wa kumlaumu mwenziwe. Kila mchumaji apewe kikaratasi chenye hesabu yake jioni ile ile, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya maskini hupotea upesi zaidi. Wanaopima kwa mizani na kulipa kwa kilo wasijione wamesalimika na somo hili. Mizani nayo huweza kuelemea upande, na jiwe la kilo laweza kupungua kama binadamu. Matawi yaliyovunjika yaletwe kila jioni yakahesabiwe, bila ya faini katika juma la kwanza. Mwenye shamba ayatazame kimya, kisha aitazame pishi yake.

Na kwa kuwa twapenda maneno yaende pamoja na vitendo, mkutano wa kila kijiji kabla ya msimu huu utakuwa na kazi moja zaidi. Kila mwanachama aje na pishi anayotumia shambani mwake. Kutakuwa na mchele na kibaba kimoja kilichokubaliwa, na kila pishi itajazwa kwa vibaba vinne mbele ya mkutano, tuone ipi inafurika na ipi inabaki na nafasi. Jina la mtu halitaandikwa. Aliye na pishi mbili nyumbani, moja ya kupokelea na moja ya kutolea, aje nazo zote mbili.